Sumu ya Kiapo na Dawa ya Macho: Habari za Haragwe la Calabar

Neno kiapo katika Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kutaja jina la Mungu ili kuthibitisha ukweli wa maneno. Maana ya pili, ambayo siku hizi haisikiki sana, ni jaribio la hatari ambalo mtuhumiwa hutiwa ndani yake ili ijulikane kama ana hatia au hana. Watu wa pwani walilijua shoka lililotiwa motoni hata likawa jekundu, kisha likapitishwa juu ya kiganja cha mtu aliyeshukiwa wizi. Watu wa pande za Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma waliujua mwavi, maji ya gome la mti yaliyonyweshwa washukiwao uchawi: aliyeyatapika alihesabiwa kuwa mwema, na aliyekufa kwayo alihesabiwa kuwa mchawi, wala hapakuwa na rufani. Desturi za namna hii zilienea katika sehemu nyingi za Afrika, na katika zama za kale hata Ulaya haikuzikosa.

Lakini kati ya sumu zote za kiapo zilizotumika katika bara hili, iko moja iliyokutana na ajali isiyokuwa na mfano. Ilitoka katika mikono ya waamuzi wa uchawi ikaingia katika vyumba vya wataalamu. Na kutoka huko ikaingia katika macho ya wagonjwa, ikawa dawa ya kwanza iliyothibitika kupunguza msukumo wa maji ndani ya jicho katika ugonjwa wa glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Sumu hiyo ni haragwe la Calabar. Habari zake zastahili kuelezwa kwa taratibu, maana aghalabu husimuliwa nusu: ama kama ushindi wa wataalamu wa Ulaya peke yao, ama kama fahari ya Afrika peke yake. Zote mbili ni hadithi nyepesi kuliko kweli yenyewe.

Calabar ni mji wa kusini-mashariki ya Nigeria, karibu na mahali Mto Cross unapoingia baharini. Wenyeji wake wakubwa ni Waefik, watu wa biashara ya mto tangu zamani. Katika karne ya 18 bandari hiyo ilikuwa moja ya milango mikubwa ya kuwatoa watu utumwani kwenda ng'ambo ya Atlantiki, na baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku na Waingereza mwaka 1807, mafuta ya mawese yalishika nafasi yake kidogo kidogo. Kando ya mito ya nchi hiyo huota mmea utambaao juu ya miti mirefu, wenye maua ya zambarau na maganda yenye mbegu mbili au tatu. Mbegu yake ni ngumu, ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, na ina mfereji mweusi upande mmoja. Haina harufu wala uchungu wa kumwonya mtu aionjaye. Waefik waliiita esere.

Kazi ya esere ilikuwa kuhukumu. Alipokufa mkuu wa mji, au alipopatwa mtu na maradhi yasiyojulikana asili yake, walishukiwa watu wa nyumba yake kwamba wamemloga. Mbegu zilipondwa, zikachanganywa na maji, mtuhumiwa akanywa mbele ya watu, kisha akaamriwa atembee. Akitapika alikuwa huru. Akianguka akafa, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa na kutekelezwa kwa pamoja. Walioathirika zaidi walikuwa wanyonge: watumwa, na wake wa marehemu. Mara nyingine watu wawili wenye ugomvi waligawana mbegu moja, kila mmoja akala nusu yake, na yamkini wote wawili wakafa.

Yapo maelezo ambayo yametolewa mara nyingi juu ya waliookoka. Mtu aliyejiamini kwamba hana hatia, husemwa, alikunywa kwa mkupuo mmoja. Tumbo likashituka, akatapika kabla sumu haijaingia mwilini. Mwenye hofu alikunywa kidogo kidogo, na tumbo likaipokea sumu pole pole hata ikamshinda. Maelezo haya yana akili ndani yake, lakini yasimdanganye msomaji akadhani kwamba kiapo kilikuwa na haki. Hofu haimkalii mwenye hatia peke yake. Mtumwa asiyekuwa na kosa, aliyesimamishwa mbele ya mabwana waliokwisha kuamua kwamba yeye ni mchawi, alikuwa na kila sababu ya kutetemeka na kuionja ile sumu kwa ncha ya ulimi. Zaidi ya hayo, aliyepima idadi ya mbegu ndiye aliyeshika uzima na mauti mkononi mwake, naye hakuwa mtu asiye na upande.

Hata hivyo yatupasa kutenga mambo mawili: uovu wa hukumu, na elimu iliyokuwa ndani yake. Waefik walijua mmea gani unaua, mbegu yake ichumwe wapi, itengenezwe vipi, na dalili zake zafuatana namna gani: mate kutoka kwa wingi, misuli kucheza, viungo kulegea, pumzi kukatika. Mtu wa kwanza wa Ulaya aliyeandika habari za kiapo hicho kwa wataalamu alikuwa daktari Mwingereza, William Freeman Daniell, mwaka 1846. Mwaka huo huo walifika Calabar wamisionari wa Presbiteri kutoka Scotland, wakiongozwa na Hope Waddell. Wamisionari hao waliipinga esere kwa nguvu zao zote, na pia ndio walioipeleka Scotland. Mwaka 1878 wakuu wa Calabar walitia sahihi mapatano na balozi wa Uingereza ya kukomesha kiapo hicho, ingawa katika vijiji vya ndani kiliendelea kwa siri miaka mingi baadaye.

Mbegu zilizopelekwa Edinburgh ziliangukia mikononi mwa Robert Christison, mwalimu wa elimu ya madawa katika chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa mtu mashuhuri katika habari za sumu, na kitabu chake juu yake, kilichotoka mwaka 1829, kilitumiwa na madaktari na mahakimu. Mwaka 1855 Christison alifanya jambo ambalo leo hakuna chuo kitakachomruhusu mwalimu alifanye. Alikula sehemu ndogo ya mbegu moja usiku. Na asubuhi, alipoona kwamba hajadhurika sana, akala nyingine kubwa zaidi, ipatayo robo ya mbegu. Haukupita muda mrefu akashikwa na kizunguzungu, viungo vikalegea, moyo ukapiga kwa unyonge na bila mpango. Alitambua kwamba amekula sumu kali, akanywa maji ya sabuni aliyokuwa amenyolea ndevu ili ajitapishe, ndipo akaokoka. Akili yake, alieleza, ilikuwa safi muda wote. Ni mwili tu uliokataa kutii.

Kwa tendo hilo Christison alipitia kiapo cha Waefik bila ya kushitakiwa na mtu, akaokoka kwa njia ile ile waliyookoka watu wa Calabar, yaani kwa kutapika. Tofauti iko katika jambo moja. Yeye alichagua kipimo chake mwenyewe, akaandika kilichompata, na wengine wakaweza kuanzia pale alipoishia yeye.

Aliyeanzia hapo alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, Thomas Richard Fraser. Mwaka 1862 Fraser alitoa tasnifu yake ya udaktari juu ya haragwe la Calabar, akatunukiwa nishani ya dhahabu. Katika kazi hiyo aligundua kwamba dawa iliyokamuliwa katika mbegu, ikitiwa jichoni, huifanya mboni isinyae hata ikawa ndogo kama ncha ya sindano. Alimweleza rafiki yake Douglas Argyll Robertson, tabibu wa macho, naye Robertson akaijaribu katika macho yake mwenyewe, akatoa habari zake mwaka 1863. Aliona kwamba jicho lililotiwa dawa liliona vitu vya karibu tu, vya mbali vikawa na ukungu. Na kwamba dawa hiyo ilikuwa kinyume kabisa cha atropini, dawa ya mmea wa beladona, ambayo huipanua mboni. Kwa matabibu wa macho lilikuwa jambo kubwa. Walikuwa na ufunguo wa kufungua mboni tangu zamani; sasa walipata wa kuifunga.

Ukinzani wa dawa hizo mbili ulionekana pia nje ya jicho. Mwaka 1864 katika mji wa Prague wafungwa waliokuwa wamekunywa atropini walitibiwa kwa dawa ya haragwe la Calabar, ikawa sumu moja imeiondoa sumu nyingine. Mwaka huo huo wakemia wawili wa Ujerumani, Jobst na Hesse, waliitenga nguvu ya mbegu peke yake wakaiita fisostigimini, kwa jina ambalo wataalamu wa mimea waliupa mmea wenyewe. Mwaka uliofuata Vée na Leven wa Ufaransa waliipata ikiwa safi katika umbo la chembe, wao wakaiita eserini. Jina hili la pili ni alama ndogo isiyofaa kupuuzwa. Katika vitabu vya dawa vya dunia nzima, neno la Kiefik limekaa zaidi ya miaka 150, na wengi walilitamka bila kujua kwamba wanatamka jina la Calabar.

Ili kufahamu kwa nini dawa hiyo ilikuja kuwa na thamani, hapana budi kusema kidogo juu ya ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi mfululizo, ambayo hulilisha jicho na kulifanya lisimame imara. Maji hayo hupita katika mboni yakaja mbele, kisha hutoka kwa vijitundu vilivyo katika pembe, mahali pale duara la rangi lizungukalo mboni linapokutana na ukuta wa jicho. Yakitengenezwa na kutoka kwa kadiri moja, msukumo wake hubaki wa kawaida, yaani kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Njia ya kutokea ikiziba au ikipungua, maji hurundikana, na msukumo huubana mshipa wa fahamu upelekao nuru kwenye ubongo. Mshipa huo hufa nyuzi baada ya nyuzi. Mgonjwa hupoteza kwanza uwezo wa kuona pembeni, naye mara nyingi hana habari, kwa kuwa mbele yake bado anaona vizuri. Anapogundua, sehemu kubwa imekwisha kwenda, nayo hairudi. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mtoto wa jicho, ambaye mtu hupasuliwa akaona tena.

Neno glakoma lina asili ya Kiyunani na maana yake yahusu rangi ya kijani-buluu iliyoonekana katika macho ya vipofu. Kwa karne nyingi waganga walichanganya maradhi mengi chini ya jina hilo moja. Mwaka 1622 Mwingereza Richard Banister aliandika kwamba yako macho ya vipofu ambayo, yakibonyezwa kwa kidole, huwa magumu, na hayo hayaponi. Mwaka 1830 William Mackenzie wa Glasgow alieleza ugumu huo kwa mapana zaidi. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitoa habari za chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho, na matabibu wakaona kwa mara ya kwanza mshipa wa fahamu ulivyobonyea kwa kuonewa na maji. Ndipo Albrecht von Graefe wa Berlin, mwaka 1857, alipotangaza tiba yake ya kukata kipande cha lile duara la rangi. Upasuaji huo uliwaokoa wengi waliopatwa na ugonjwa kwa ghafula, wenye maumivu makali. Lakini ulikuwa kisu, na kabla yake na baada yake hapakuwa na dawa. Tena iliyokuwapo ilidhuru: atropini, iliyotiwa machoni ili kuchunguza au kutuliza maumivu, iliweza kuamsha ugonjwa kwa nguvu katika jicho lenye pembe nyembamba.

Hapa anaingia Ludwig Laqueur, mwalimu wa utabibu wa macho katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Laqueur alikuwa na sababu ya kuufikiri ugonjwa huo usiku na mchana: alikuwa nao mwenyewe. Alizijua dalili zake kwa elimu, na sasa alizijua kwa macho yake, ukungu unaokuja na kuondoka, na duara za rangi zizungukazo taa usiku. Ikiwa dawa ya kupanua mboni huudhi jicho la namna hii, ilikuwa haki kuuliza kama dawa ya kuisinyaza haitalituliza. Mwaka 1876 alitoa habari kwamba matone ya fisostigimini yanapunguza msukumo ndani ya jicho lenye glakoma. Aliyatumia katika macho yake mwenyewe kwa miaka kadhaa, na mwaka 1880 akakubali kupasuliwa kwa njia ya von Graefe. Aliendelea kufundisha na kutibu, akafariki mwaka 1909. Ile mbegu iliyokuwa imewapa hukumu ya mauti watumwa wa Calabar ilimpa profesa wa Strasbourg nafasi ya kungoja kisu bila ya kupofuka.

Esere haikukaa peke yake muda mrefu. Mwaka 1874 daktari Mbrazili, Symphronio Coutinho, alikuwa amekwisha kupeleka Paris majani ya jaborandi, mmea uliojulikana na wenyeji wa Brazili kwa kutoa mate na jasho. Mwaka 1875 Hardy huko Ufaransa na Gerrard huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliitenga nguvu ya majani hayo, ikaitwa pilokapini. Na muda mfupi baadaye Adolf Weber wa Ujerumani akaonyesha kwamba nayo hupunguza msukumo wa jicho. Pilokapini ilikuwa pole zaidi kwa jicho kuliko eserini, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huliwasha na kulifanya jekundu. Basi dawa mbili za kwanza za glakoma zilitokana na elimu ya watu wa Afrika na watu wa Amerika ya Kusini, watu ambao vitabu vya zama hizo havikuwahesabu kuwa wenye elimu yoyote.

Namna esere inavyofanya kazi haikujulikana mpaka karne ya 20. Otto Loewi huko Graz, Austria, alionyesha kwamba mishipa ya fahamu huiamrisha misuli na viungo kwa kutoa kitu cha kikemia, ambacho baadaye kilithibitika kuwa asetilikolini. Na mwaka 1926 yeye na Navratil wakaonyesha kwamba fisostigimini huzuia kitu hicho kisivunjwe upesi. Kwa hiyo amri ya mshipa haizimiki, na msuli huendelea kukaza. Katika jicho, kukaza huko huisinyaza mboni, huliondoa duara la rangi katika pembe, na huvuta vijitundu vya maji vikafunguka. Katika mwili mzima, kukaza huko huko hujaza mapafu maji, huupoza moyo na kuishinda misuli ya kupumulia. Nguvu iuayo na nguvu iponyayo ni moja; kilichozitenga ni kadiri na mahali. Kwa sababu hiyo hiyo Mary Walker, daktari katika hospitali moja ya Greenwich, aliweza mwaka 1934 kuitumia fisostigimini kuwainua wagonjwa ambao misuli yao ilikuwa imelegea kwa maradhi.

Sura ya mwisho ya umaarufu wa esere iliandikwa Marekani, na mwandishi wake alikuwa mtu ambaye wakubwa wa wakati ule hawakumtazamia. Percy Lavon Julian alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, mjukuu wa watumwa. Katika jamaa yake ilisimuliwa kwamba babu yake alikatwa vidole viwili vya mkono kwa kosa la kujifunza kuandika. Mji alimozaliwa haukuwa na shule ya sekondari ya serikali kwa watoto weusi. Alipoingia Chuo cha DePauw katika Indiana ilimlazimu kusoma masomo ya sekondari na ya chuo kwa pamoja, na mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Harvard ilimpa shahada ya pili mwaka 1923, lakini njia ya udaktari ilizibwa, kwa kuwa haikudhaniwa kwamba wanafunzi weupe watakubali kufundishwa na mtu mweusi. Alikwenda Vienna, akapata udaktari wake mwaka 1931, akarudi hata DePauw pamoja na rafiki na mwenzake wa kazi, Josef Pikl.

Huko, katika chuo kidogo kisicho na fedha nyingi, Julian na Pikl waliikabili kazi ya kuiunda fisostigimini kwa kemia, tangu vitu sahili mpaka dawa kamili, bila ya haragwe. Kazi hiyo hiyo ilikuwa mikononi mwa Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa dunia. Majibu ya Julian hayakupatana na yale ya Robinson, naye hakusita kuchapisha kwamba mkubwa huyo amekosea. Lilikuwa neno zito. Lau angekuwa yeye ndiye aliyekosea, jina lake lingekwisha siku ile. Mizani iliyokata shauri ilikuwa joto la kuyeyukia: kitu alichokiunda Julian kiliyeyuka kwa kiwango kile kile cha kitu kilichotokana na haragwe, na cha Robinson hakikufanya hivyo. Mwaka 1935 ushindi ulikuwa wake. DePauw haikumpa uprofesa kwa sababu ya rangi yake, naye mwaka 1936 akaenda kufanya kazi kiwandani Chicago, ambako alipata mafanikio makubwa mengine. Mwaka 1973 alichaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alifariki mwaka 1975.

Husemwa mara nyingi kwamba Julian ndiye aliyeivumbua dawa ya glakoma. Maneno hayo yatokana na heshima, lakini historia haina haja nayo. Dawa ilikuwa imetumika machoni kwa miaka karibu 60 kabla ya kazi yake, ikitolewa katika mbegu yenyewe. Alichokifanya Julian ni kuifahamu mpaka mwisho, kuujua mpango wa kila chembe yake hata akaweza kuijenga upya. Jambo hilo ni kubwa kwa kadiri yake, wala halihitaji kuongezwa chumvi. Mtu apewapo sifa isiyo yake hunyang'anywa, katika pumzi hiyo hiyo, sifa iliyo yake.

Baada ya hapo esere ilianza kupumzishwa. Vyombo vya kupima msukumo wa jicho vilikuwa vimekwisha kuwa bora: kile cha Schiøtz cha mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 kile cha Goldmann, ambacho bado ni kipimo cha kupimia vipimo vingine. Mwaka 1954 Bernard Becker alitoa habari za asetazolamidi, kidonge kipunguzacho kutengenezwa kwa maji ya jicho. Mwaka 1978 matone ya timololi yaliruhusiwa Marekani, nayo hayaisinyazi mboni wala hayaleti ukungu. Na mwaka 1996 yakafuata ya latanoprosti, ambayo hutiwa mara moja kwa siku. Leo fisostigimini haitumiki tena katika matibabu ya kawaida ya glakoma, lakini pilokapini ingali na kazi yake.

Dawa hizi mpya nazo hazikuacha kuwa na sumu ndani yake. Tone la timololi laonekana dogo, lakini sehemu yake hupita katika mfereji wa machozi, ikaingia puani na katika damu; humpunguzia mtu mapigo ya moyo, na mwenye pumu laweza kumbana kifua kwa hatari. Ndiyo sababu ya kutakiwa cheti cha daktari. Cheti ni karatasi isemayo kwamba mtu fulani ametazamwa, maradhi yake yamejulikana, na kadiri imepimwa kwa ajili yake yeye wala si kwa ajili ya mwingine. Kiapo cha Calabar kilitoa sumu kwa mtu bila kujali yeye ni nani ndani ya mwili wake. Umbali uliopo baina ya kikombe cha esere na chupa ya matone upo zaidi katika swali liulizwalo kabla ya kunywa kuliko katika kilicho ndani ya chombo.

Jambo hili lawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki kwa karibu. Glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko watu wa Ulaya. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, katikati ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba watu wapatao 4 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa nayo. Wengi huja hospitali jicho moja likiwa limekwisha kufa. Hata wale wanaowahi hupewa dawa isiyompendeza mtu kwa dhahiri: haiondoi maumivu, maana hayapo, haiongezi nuru, maana iliyokwenda imekwenda, tena yataka kutiwa kila siku maisha yote, na fedha ya kuinunua. Baada ya miezi michache mtu huona kwamba hali yake ni ile ile, akadhani kwamba dawa haifai, akaiacha. Kumbe kubaki katika hali ile ile ndiko kuponyeshwa kwenyewe. Ushindi wa dawa hii ni jambo lisilotokea, na binadamu ni mgumu wa kushukuru kwa jambo lisilotokea.

Tukizitazama habari hizi kwa ujumla, twaona mnyororo ambao hapana pete moja iwezayo kuondolewa. Waefik waliijua mbegu. Wamisionari walioichukia waliichukua. Christison alihatarisha maisha yake. Fraser na Robertson walitazama kwa makini. Laqueur aliuliza swali kwa sababu ya hofu ya upofu wake. Julian alifika mwisho wa elimu yake katika nchi iliyomkatalia kiti. Lakini nyuma ya wote hao wako watu wasiokuwa na majina katika kitabu chochote, waliosimamishwa uwanjani Calabar wakanywa, wakatembea hatua walizoweza, wakaanguka. Wao ndio waliolipa gharama ya kwanza ya elimu hii, na hawakuulizwa kama wanaitaka. Haifai kuisifu desturi iliyowaua kwa kuwa dawa ilitokea baadaye, wala haifai kuwasahau kwa kuwa desturi ile imekwisha. Elimu ya dawa, kama ilivyo elimu nyingine, ina deni kwa waliotangulia. Na deni hilo hulipwa kwa kusema kweli juu yao, na kwa kuhakikisha kwamba tone lililotokana na taabu yao lamfikia mgonjwa wa mji na mgonjwa wa kijiji kabla nuru yake haijazimika.